Namba Tasa na Mfupa wa Ishango

Watoto wapenzi, somo hili ni la maharage na la mfupa. Mfupa wenyewe ulichimbuliwa hapa kwetu Kongo mwaka 1950, na juu yake mtu wa zamani sana alikata alama za kuhesabia. Kuna watu wanaosema kwamba mtu huyo alizijua namba tasa maelfu ya miaka kabla Wayunani hawajaandika kitabu chochote cha hesabu. Kuna wengine wasioamini. Shauri hili si dogo, maana mmekwisha kusikia watu wakisema kwamba hesabu ni kitu kilichofika kwetu kwa meli, pamoja na sabuni na misumari. Ninyi wenyewe mtaamua. Lakini mtu hawezi kuamua shauri asilolijua, kwa hiyo tuanze na maharage.

Kila mtoto alete maharage makavu 30. Asiye nayo atumie vijiwe.

Maharage kumi na matatu

Chukueni maharage 12, mkayapange mezani kwa mistari iliyo sawa. Yatakubali: mistari 2 ya maharage sita sita, au mistari 3 ya maharage manne manne. Sasa ongezeni harage moja, yawe 13. Pangeni tena. Mkifanya mistari 2, harage moja linabaki. Mistari 3, moja linabaki. Mistari 4, tena moja linabaki. Mistari 5, yanabaki matatu. Maharage haya 13 yanakubali namna moja tu: mstari mmoja mrefu, kama watu wanaongoja maji bombani.

Namba ya namna hiyo huitwa namba tasa. Tasa ni mnyama asiyezaa. Jina hilo mimi silipendi sana, kwa sababu namba hizi ndizo zinazozaa namba nyingine zote zikizidishwa: 12 ni 2 × 2 × 3, na 30 ni 2 × 3 × 5. Lakini ndilo jina tulilo nalo. Namba tasa za kwanza ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23 na 29. Namba 1 haimo, na 2 peke yake ndiyo tasa inayogawanyika kwa mbili.

Mtoto mmoja ataniuliza: je, nijaribu mistari mingapi kabla ya kuacha? Swali zuri. Kwa 13 inatosha kujaribu mistari 2 na mistari 3, basi. Kwa nini? Maharage yakipangika kwa mistari sawa, yatafanya umbo lenye pande mbili, na upande mmoja utakuwa mfupi au sawa na mwenzake. Upande mfupi ukiwa 4, na ule mwingine lazima uwe 4 au zaidi, na 4 × 4 ni 16. Maharage 16 hatuna. Basi upande mfupi hauwezi kupita 3. Lishikeni neno hili, tutalihitaji tutakapofika sokoni.

Mafungu tunayohesabia

Tunaandika 13, yaani fungu moja la kumi na mabaki matatu. Kwa nini fungu la kumi? Kwa sababu ya vidole vyetu. Maharage hayajui kumi ni nini.

Tena, hata sisi hatuhesabu kwa kumi siku zote. Saa yetu ya ukutani ina saa 12, na kila saa ina dakika 60. Hayo ya sitini tuliyarithi kwa watu wa Babeli. Juma lina siku 7. Katika Kifaransa mnachojifunza, 80 husemwa quatre-vingts, maana yake ishirini mara nne: ni masalio ya watu waliohesabu kwa ishirini, nadhani kwa kuongeza vidole vya miguu. Na ng'ambo ya Ruzizi, katika Kinyarwanda, tatu ni gatatu, na sita ni gatandatu. Semeni neno hilo polepole, mtaisikia ile tatu ndani ya sita.

Basi sisi nasi tunaweza kuchagua fungu lolote. Tukichagua fungu la sita, maharage 13 yatakuwa mafungu 2 ya sita na baki 1. Tutaandika 2-1, tukiweka kistari kati ili tusichanganye na ishirini na moja. Tukichagua fungu la kumi na mbili, kama saa, maharage yaleyale yatakuwa 1-1. Kwa fungu la saba, kama juma, ni 1-6: siku ya 13 ni juma 1 na siku 6. Kwa fungu la tano ni 2-3.

Mafungu yakizidi tunayafunga pamoja. Katika hesabu ya kumi, mafungu kumi ya kumi tunayaita mia. Vivyo hivyo katika hesabu ya tatu: mafungu matatu ya tatu ni bunda moja la tisa. Hapo 13 ni bunda 1 la tisa, fungu 1 la tatu, na baki 1. Tunaandika 1-1-1. Na katika hesabu ya mbili, ambayo mashine zote za kuhesabu na hata simu za mkononi huitumia, 13 ni 1-1-0-1, yaani nane moja, nne moja, mbili hakuna, na moja.

Tazameni mezani. Tumeandika maneno sita yasiyofanana, na hakuna hata harage moja lililosogea. Yangali 13, na yangali yanakataa kupangwa kwa mistari sawa. Utasa wa namba umo katika maharage. Tarakimu ni sisi tulioziandika.

Tarakimu zinavyodanganya

Kwa sababu hiyo, jihadharini. Mtu akikuandikia 2-5, utapiga kelele mara moja: hiyo ni ishirini na tano, ni 5 × 5, si tasa! Lakini kama anahesabu kwa sita, hiyo ni mafungu mawili ya sita na tano, yaani 17, nayo ni tasa kabisa. Na 1-1? Kwa kumi ni 11, tasa. Kwa kumi na mbili ni 13, tasa. Kwa nane ni 9, na 9 ni 3 × 3. Alama ni zilezile, namba ni nyingine.

Iko lakini alama moja isiyodanganya kamwe, nami naipenda sana. Ni 1-2-1. Chagueni fungu lolote lililo kubwa kuliko mbili, kisha andikeni 1-2-1: namba hiyo haitakuwa tasa hata siku moja. Jaribuni kwa sita. Bunda moja ni 36, mafungu mawili ya sita ni 12, na baki 1. Jumla ni 49, yaani 7 × 7. Kwa kumi ni 121, yaani 11 × 11. Kwa kumi na mbili ni 144 na 24 na 1, jumla 169, yaani 13 × 13.

Sababu mtaiona kwa macho mkikusanya maharage ya watoto wawili. Pangeni mraba wa maharage 6 kwa 6: hilo ndilo bunda. Chukueni fungu moja la sita mliweke chini ya mraba, kama mstari. Chukueni fungu la pili mliweke ubavuni, kuume. Sasa pembeni kabisa pana nafasi moja tupu, nalo harage la mwisho linaingia papo hapo. Mraba umekamilika, 7 kwa 7. Kwa fungu lingine lolote mambo ni yaleyale. Mtoto aliyeelewa mraba huu ameelewa jambo ambalo wakubwa wengi hulikariri tu.

Tarakimu ya mwisho

Sasa mtasema: kama tarakimu hazibadilishi kitu, kuna faida gani kubadili mafungu? Faida iko. Fungu ni kama dirisha. Nyumba ni ileile, lakini dirisha moja linaonyesha uwanja na lingine linaonyesha ukuta.

Katika hesabu ya kumi mnajua kwamba namba inayoishia na 0, 2, 4, 6 au 8 hugawanyika kwa mbili, na inayoishia na 0 au 5 hugawanyika kwa tano. Ndiyo maana namba tasa zote zilizo kubwa kuliko 5 huishia na 1, 3, 7 au 9. Hii ni kwa sababu 10 ni 2 × 5: mafungu ya kumi, hata yawe mangapi, hugawanyika kwa 2 na kwa 5, kwa hiyo neno lote liko kwa mabaki.

Lakini juu ya 3 tarakimu ya mwisho haisemi lolote. 21 inaishia na 1, na 27 inaishia na 7, zote ni za tatu.

Haya, geuzeni mhesabu kwa sita. Sita ni 2 × 3. Baki likiwa 0, 2 au 4, namba nzima hugawanyika kwa mbili. Baki likiwa 0 au 3, hugawanyika kwa tatu. Yanabaki mabaki mawili tu, 1 na 5. Kwa hiyo kila namba tasa iliyo kubwa kuliko 3, ukiiandika kwa sita, huishia na 1 au na 5. Maana yake nini? Maana yake inakaa jirani ya fungu kamili la sita: moja kabla yake, au moja baada yake. 5 na 7 ni majirani wa 6. 11 na 13 ni majirani wa 12. 17 na 19 ni majirani wa 18. 23 ni jirani wa 24, na 29 ni jirani wa 30.

Msigeuze neno hili nyuma mbele. Kila tasa hukaa hapo, lakini si kila anayekaa hapo ni tasa. 25 ni jirani wa 24, kwa sita huandikwa 4-1, nayo ni 5 × 5. 35 kwa sita ni 5-5, nayo ni 5 × 7.

Kwa fungu la saba, ambalo lenyewe ni tasa, dirisha ni dogo mno. Tarakimu ya mwisho hukuonyesha mambo ya saba tu. Huwezi hata kujua kama namba inagawanyika kwa mbili: 1-3 ya majuma ni siku 10, na 1-2 ni siku 9. Anayehesabu kwa majuma anajua siku ya soko, basi.

Mfupa wenyewe

Ukitoka Bukavu kwa mashua, ukavuka Ziwa Kivu mpaka Goma, kisha ukaelekea kaskazini kupita Rutshuru, mbele utakutana na ziwa jingine, Ziwa Edouard. Upande wa kaskazini wa ziwa hilo mto Semliki unatoka na kwenda zake kuelekea Ziwa Albert. Hapo mto unapotoka panaitwa Ishango. Ni katika Hifadhi ya Virunga, karibu sana na mstari wa ikweta.

Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, mtaalamu wa mawe na udongo, alichimba pale. Aliona kwamba zamani watu walikaa ukingoni mwa ziwa, wakavua samaki kwa vyusa vya mfupa vyenye meno. Katika vitu vyao alipata mfupa mdogo wa urefu wa sentimeta 10 hivi, mweusi kidogo na laini kama mpini ulioshikwa sana. Kichwani mwake kimechomekwa kipande cha jiwe gumu lenye makali. Wataalamu waliorudi kuchunguza baadaye wameonyesha kwamba umri wake ni yapata miaka 20,000. Leo umewekwa Bruxelles katika jumba la makumbusho ya viumbe na mawe, na mtoto wa Kivu anayetaka kuuona hana budi kusafiri mpaka Ulaya.

Juu ya mfupa kuna mikato, iliyopangwa kwa vikundi, na vikundi vimepangwa kwa safu tatu. Hapa tuandike hesabu ya kila kikundi.

Safu ya kwanza: 11, 13, 17, 19.

Safu ya pili: 11, 21, 19, 9.

Safu ya tatu: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7.

Angalieni jambo moja kabla ya yote. Mikato haina fungu la kumi wala la sita. Ni moja, na moja, na moja, kama maharage yetu. Mtu yule hakuandika tarakimu, alituachia namba zikiwa uchi, na ndiyo maana sisi, baada ya miaka 20,000, tunaweza kuzisoma bila kujua neno hata moja la lugha yake.

Sasa safu ya kwanza. 11, 13, 17, 19. Hizi ni namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20. Hakuna iliyosahauliwa, hakuna iliyozidi. De Heinzelin mwenyewe alilitaja jambo hili mwaka 1962 alipoandika juu ya Ishango katika gazeti moja la elimu la Marekani. Hapo ndipo watu walipoanza kusema: mababu wa Ishango walizijua namba tasa!

Tuwaulize maharage. Mmekwisha kuona kwamba 11 na 13 ni majirani wa 12, na 17 na 19 ni majirani wa 18. Basi mtu aliyehesabu kwa sita, akapenda kukata alama moja pungufu na moja zaidi, angepata safu hiyohiyo, 12 kasoro moja, 12 na moja, 18 kasoro moja, 18 na moja, hata kama hajawahi kufikiri habari ya kugawanya. Mnaona? Na safu ya pili inasema maneno ya namna hiyo kwa kumi: 11 ni 10 na moja, 21 ni 20 na moja, 19 ni 20 kasoro moja, 9 ni 10 kasoro moja. Katika safu hii 21 ni 3 × 7 na 9 ni 3 × 3, si tasa. Safu ya tatu inaanza kwa kuongeza maradufu: 3 na 6, 4 na 8, kisha 10 na nusu yake 5.

Jumlisheni kila safu. Ya kwanza ni 60. Ya pili ni 60. Ya tatu ni 48. Zote tatu ni mafungu kamili ya kumi na mbili: matano, matano, na manne. Ndiyo maana wako wataalamu wanaofikiri kwamba watu wa Ishango walihesabu kwa kumi na mbili. Mtu anaweza kufanya hivyo kwa mkono mmoja. Nyosheni mkono wa kuume, mguse kwa kidole gumba kila kipingili cha vidole vinne vilivyobaki. Kila kidole kina vipingili vitatu, na tatu mara nne ni 12.

Mmarekani Alexander Marshack, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alisema kwamba mikato ni siku za mwezi wa angani. Miezi miwili ya namna hiyo ni siku 59, karibu na 60. Wengine husema mikato ilikatwa ili mfupa usiteleze mkononi. Hilo la mwisho mimi silikubali upesi, maana mtu anayetaka mpini usioteleza hahangaiki kuweka 3 kando ya 6 na 4 kando ya 8.

Nami naonaje juu ya namba tasa? Naona kwamba vikundi vinne havitoshi kuwa mashahidi. Ili kuijua namba tasa ni lazima kujaribu kuigawanya na kushindwa, kama tulivyofanya na maharage 13, na kushindwa huko hakuachi mkato juu ya mfupa. Tungepata mfupa mwingine wenye 23, 29, 31 na 37, bila 25 wala 35, hapo ningesimama na kusema: ndiyo, walijua. Kwa sababu 25 na 35 ni majirani wa mafungu ya sita kama wenzao. Mtu anayezikataa amezipima.

Lakini tusimnyang'anye mtu wa Ishango kilicho chake. Alihesabu bila tarakimu. Alipunguza moja, akaongeza moja, akafanya maradufu, akaweka safu mbili zenye jumla moja. Hiyo ni hesabu, na ilifanyika ukingoni mwa ziwa letu kabla Babeli haijajengwa. Haihitaji kupambwa kwa jambo ambalo hatuwezi kulionyesha.

Mayai ya Kadutu

Turudi Bukavu, tushuke sokoni Kadutu. Wauza mayai huyapanga katika plato za karatasi ngumu, na kila plato ina vishimo 30, mistari 5 ya vishimo 6. Mama muuzaji hasemi mayai 97. Husema plato 3 na mayai 7. Anahesabu kwa thelathini, naye hajui kwamba ameshika dirisha zuri kuliko yote.

Chukueni namba tasa yoyote iliyo kubwa kuliko 5. Jazeni plato. Mayai yanayobaki yatakuwa 1, au yatakuwa yenyewe namba tasa. Daima! 97 ni 3-7, baki 7. 83 ni 2-23, baki 23. 79 ni 2-19. 61 ni 2-1. Hata 1,009, ambayo ni tasa: plato 33 na mayai 19.

Kwa nini? 30 ni 2 × 3 × 5. Baki lolote linalogawanyika kwa 2, 3 au 5 huiharibu namba nzima, kwa hiyo haliwezi kuwako. Sasa kumbukeni upande mfupi wa maharage. Baki lisilogawanyika kwa 2 wala 3 wala 5, na ambalo si tasa wala si 1, lazima upande wake mfupi uwe 7 au zaidi, na 7 × 7 ni 49. Lakini baki katika plato halifiki 30. Basi halipo.

Katika hesabu ya kumi jambo hili halifanyi kazi, kwa kuwa 9 huharibu: 19 ni tasa, inaishia na 9, na 9 ni 3 × 3. Kwa sita linafaa, kwa kumi na mbili linafaa, kwa thelathini linafaa. Kupita thelathini hakuna tena; imethibitishwa kwamba 30 ndilo fungu la mwisho lenye tabia hiyo. Jaribuni 60, mtamkuta 49 akiwangojea.

Moja, moja, moja

Neno fupi juu ya hesabu ya mbili. Paris, zamani, alikuwako mtawa aliyependa namba, Padri Marin Mersenne, aliyeishi tangu 1588 hata 1648. Alichunguza namba ambazo kwa hesabu ya mbili huandikwa kwa tarakimu 1 tupu: 1-1 ni 3, 1-1-1 ni 7, 1-1-1-1-1 ni 31, na moja saba zikifuatana ni 127. Zote nne ni tasa. Hesabuni hizo moja: ni 2, 3, 5 na 7, nazo ni tasa pia. Idadi ya moja isipokuwa tasa, namba haiwezi kuwa tasa: moja sita hukatika kuwa 1-1-1 na 1-1-1, na kweli 63 hugawanyika kwa 7. Lakini idadi ikiwa tasa bado hakuna ahadi. Moja 11 ni 2,047, na hiyo ni 23 × 89. Orodha aliyoitoa Mersenne mwaka 1644 ilikuwa na makosa, tena mengine yalikaa zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kuonekana.

Mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya namna hiyo, iliyopatikana kwa juhudi ya Mmarekani Luke Durant na mashine nyingi. Kwa hesabu ya kumi ina tarakimu 41,024,320, na daftari zote za shule yetu zisingetosha kuiandika. Kwa hesabu ya mbili ni moja tupu, moja 136,279,841 zikifuatana. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuiandika, kama angepewa chokaa ya kutosha na miaka michache.

Mazoezi

1. Andikeni 23 kwa fungu la sita, la kumi na mbili, la tano na la mbili. Kisha pangeni maharage 23 muone kama yamebadili tabia.

2. Rafiki anakuandikia 3-3. Je, namba hiyo inaweza kuwa tasa kwa fungu lolote? Tumieni maharage kabla ya kujibu.

3. Muuza mayai ana plato 2 na mayai 17. Baki ni tasa. Je, mayai yote pamoja ni namba tasa?

4. Andikeni 1-3-3-1 kwa fungu la sita na kwa fungu la kumi. Nani atagundua namba hii imetoka wapi? (Mraba hautoshi, tumieni udongo wa mfinyanzi, mfanye kitu chenye pande sita.)

5. Kateni kijiti, mkichonge mikato ya majirani wa 24 na majirani wa 30. Mpeni mtoto wa darasa jingine asiyejua somo hili. Aseme yeye kama aliyekikata kijiti alizijua namba tasa au hakuzijua, naye aonyeshe ni mkato gani uliomjulisha.